Como, Garda au Maggiore: uende ziwa lipi kaskazini mwa Italia?

Shangazi yangu alipokuja kunitembelea Milano mara ya kwanza, nilimpeleka Bellagio kwa sababu ya picha. Picha yenyewe wengi wameiona: ngazi za mawe zinazopanda katikati ya maduka, maua madirishani, na Ziwa Como likimeremeta chini kabisa. Ngazi zile zinaitwa Salita Serbelloni, na picha haidanganyi. Lakini shangazi ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Alipanda vidato kumi na viwili, akashika ukuta, akakaa. "Pazuri, mwanangu," akaniambia. "Nami nitapaonea hapa hapa." Tukakaa pale mpaka wakati wa kivuko cha kurudi.

Wiki iliyofuata nilimpeleka Stresa, kwenye Ziwa Maggiore. Njia ya kando ya maji ni tambarare, mabenchi yapo kila baada ya hatua chache, gati liko karibu. Alitembea saa nzima bila kuomba mkono wangu. Tangu siku hiyo, ndugu au rafiki akiniuliza ziwa lipi ni zuri zaidi, namrudishia swali: unakuja na nani, na mtatembeaje?

Tupime kwa vigezo gani

Garda ndilo kubwa kuliko yote Italia, kilomita za mraba 370 hivi. Maggiore linafuata kwa 212, na ncha yake ya kaskazini iko Uswisi. Como lina 146. Kwa mtu wa Mwanza au Kisumu, aliyekua akitazama Ziwa Victoria lenye zaidi ya kilomita za mraba 68,000, namba hizi ni ndogo. Ila ukienda chini hesabu inageuka. Victoria, pamoja na upana wake wote, kina chake cha mwisho ni kama mita 80. Garda linafika mita 346, Maggiore 372, na Como linapita 400.

Aliyeyachimba ni barafu. Zamani mito ya barafu ilishuka kutoka milima ya Alps, ikakwangua mabonde marefu membamba, na ilipoyeyuka maji yakabaki humo. Ndiyo maana milima inaingia majini moja kwa moja. Ardhi tambarare ni haba, barabara ni nyembamba, vijiji vimeparamia miteremko, na mara nyingi njia fupi ya kutoka mji mmoja kwenda mwingine ni ya majini. Ukishalielewa hilo, utaona kwa nini usafiri unaamua mengi kuliko mandhari.

Kwa hiyo nitayapima maziwa haya matatu kwa mambo sita: kufika bila gari, kuzunguka ukishafika, vya kutazama, vya kufanya, chakula, na mwisho msimu pamoja na mfuko. Uzuri sikuuweka kwenye orodha. Yote matatu yanao wa kutosha, na siku ukiona Alps zina theluji juu na michungwa imezaa chini, hutakuwa na haja ya kulinganisha.

Kufika

Kwenda Como kuna stesheni tatu zinazokuhusu, na wageni wengi wanazijua mbili tu. Como San Giovanni ni kama dakika 40 kutoka Milano Centrale. Como Lago, kwa treni za kutoka Milano Cadorna, ni mwendo wa saa moja, na ukiteremka uko hatua chache tu kutoka gatini. Ya tatu ndiyo ninayowaelekeza wageni wangu: Varenna-Esino. Panda treni ya kwenda Tirano pale Centrale, na baada ya saa moja na dakika chache utashukia katikati ya ziwa. Keti upande wa kushoto. Mkishaipita Lecco, ziwa linafuatana nanyi dirishani mpaka mwisho. Anayeteremkia Como mjini halafu akapanda boti ya kawaida kwenda Bellagio anatumia kama saa mbili majini. Kutoka Varenna ni robo saa.

Garda linapitiwa na reli kuu ya Milano kwenda Venezia, na hata treni za kasi husimama Desenzano na Peschiera. Kutoka Peschiera hadi Verona ni kama robo saa. Kasoro ni moja: reli inagusa ncha ya kusini tu. Anayetaka Riva au Torbole, huko kaskazini, ateremke Rovereto na kuchukua basi.

Maggiore nalo ni rahisi. Stresa iko kwenye reli ya kwenda Domodossola na Uswisi, ile inayopita kwenye handaki la Simplon lililofunguliwa mwaka 1906. Kutoka Milano Centrale ni saa moja hivi. Na kama ndege yako inatua Malpensa, basi hili ndilo ziwa lililo karibu nawe kuliko mengine mawili.

Neno moja kuhusu tiketi. Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa lazima igongwe kwenye mashine iliyoko stesheni kabla hujapanda. Mgeni wangu mmoja alitozwa faini akiwa na tiketi aliyoilipia kihalali mkononi, kwa sababu hakuna aliyemwambia habari ya mashine hiyo.

Kuzunguka ukishafika

Boti za umma katika maziwa yote matatu zinaendeshwa na shirika moja la serikali, Gestione Navigazione Laghi. Kuna boti za kawaida za polepole, kuna za kasi ambazo nauli yake ni kubwa zaidi, na kuna vivuko vinavyobeba magari. Kuna pia tiketi ya siku nzima inayokuruhusu kupanda na kushuka katika eneo fulani, na ukipanga kutembelea vituo vitatu au zaidi, iulizie hiyo kwanza.

Como ndilo ziwa ninalolipendelea kwa mtu asiye na gari, mradi miguu yake iwe mizima. Varenna, Bellagio na Menaggio zinafanya pembetatu katikati ya ziwa, na vivuko vinazunguka humo kutwa nzima. Unaweza kunywa kahawa Varenna, ukatembea bustanini Bellagio, na jioni ukawa Menaggio, bila kushika usukani hata mara moja. Upande wa magharibi kuna basi namba C10 kutoka Como hadi Menaggio. Tatizo ni ngazi. Karibu kila kijiji kimejengwa mlimani, na vichochoro vyenye sura nzuri zaidi ndivyo vyenye vidato vingi. Kigari cha mtoto utakibeba zaidi ya utakavyokisukuma.

Garda lina urefu wa kilomita 52 hivi, na hapa ndipo wengi hukosea. Wanalala Desenzano kwa sababu treni imewafikisha hapo, halafu wanapanga kuiona Malcesine, Limone na Riva kwa boti siku moja. Kutoka kusini hadi kaskazini kwa boti ya kawaida ni karibu nusu ya siku, na bado hamjarudi. Chagueni: ama kusini, ama kaskazini. Gari linasaidia hapa kuliko kwenye maziwa mengine, na kivuko cha kati ya Maderno na Torri kinakuvusha nalo, lakini barabara ya kando ya ziwa hujaa mno mwezi wa Agosti. Upande wa kusini nchi ni tambarare, kwa hiyo baiskeli, kigari cha mtoto na kiti cha magurudumu vinapita vizuri.

Maggiore ni ziwa la mwendo mfupi, ukikaa Stresa, Baveno au Pallanza. Visiwa vya Borromeo viko mbele yako, na safari kati ya kimoja na kingine ni ya dakika chache. Pale gatini Stresa utakutana pia na wenye boti binafsi wanaouza tiketi. Si vibaya kununua kwao, ila uliza mambo mawili kabla ya kulipa: tiketi hii inanishusha visiwa vingapi, na kurudi nitapanda boti ya nani? Tiketi za boti za umma na za binafsi haziingiliani. Nimeona familia ikiachwa gatini jua linazama, ikalazimika kulipa upya.

Kuna jambo jingine la Stresa ambalo orodha nyingi za mtandaoni hazijalirekebisha. Gari la kamba la kupanda mlima Mottarone lilianguka tarehe 23 Mei 2021, watu 14 wakafariki. Usipange siku yako ukilitegemea kabla hujauliza hali yake. Mlimani kwenyewe kunafikika kwa barabara.

Vya kutazama

Como ni ziwa la majumba na bustani zake. Villa Carlotta, pale Tremezzo, ina sanamu za marumaru ndani na miteremko ya azalea nje, na mwishoni mwa Aprili hadi Mei ukuta mzima wa maua unakuwa mwekundu na waridi kimo cha kumzidi mtu. Villa del Balbianello, karibu na Lenno, imekaa kwenye rasi iliyochomoza ziwani. Mwenye nyumba wa mwisho, Guido Monzino, alikuwa mpanda milima. Mwaka 1973 aliongoza msafara wa kwanza wa Waitaliano kufika kilele cha Everest, na alipofariki mwaka 1988 nyumba ikaachwa mikononi mwa FAI, taasisi inayotunza urithi wa Italia. Vifaa vya safari zake vimo ndani mpaka leo. Siku za kufunguliwa hubadilika, na si kila siku ya wiki pako wazi.

Como mjini wengi hupapita mbio kukimbilia boti, na mimi naona ni hasara. Kanisa kuu lao lilianza kujengwa mwaka 1396. Ukingoni mwa maji kuna jengo dogo jeupe la kumkumbuka Alessandro Volta, aliyezaliwa mji huu mwaka 1745 na kutengeneza betri ya kwanza. Neno volti lililoandikwa kwenye chaja ya simu yako ni jina lake. Mtoto wa sekondari aliyesoma umeme darasani, mpeleke humo.

Maggiore ni ziwa la visiwa. Isola Bella kilikuwa jabali tupu la wavuvi hadi familia ya Borromeo ilipoanza kulijengea kasri mwaka 1632. Jina linatokana na Isabella, mke wa Carlo Borromeo wa wakati huo. Bustani yake inapanda matabaka kumi, na tausi weupe wanatembea nyasini bila kujali watu. Ndani, sakafu ya chini, kuna vyumba vilivyopambwa kuta na dari kwa kokoto nyeusi na nyeupe, moja moja, ili wenyeji wapate ubaridi wakati wa joto. Gusa hewa ya humo mwezi Julai utaelewa walichokuwa wanatafuta.

Humo humo, Aprili 1935, wakuu wa Italia, Ufaransa na Uingereza walikutana kuzungumzia amani ya Ulaya. Mussolini alikuwepo. Oktoba ya mwaka ule ule majeshi yake yakavamia Ethiopia. Mimi ni mtu wa Afrika Mashariki, na kila ninapopita katika kasri hilo na wageni huwa nasimama kidogo na kuwaeleza habari hiyo, maana waongozaji wengi huitaja kwa sentensi moja kisha wakaendelea na mapazia.

Isola Madre kimetulia zaidi, sehemu yake kubwa ni bustani. Mbele ya kasri kuna mti mkubwa uliooteshwa kwa mbegu kutoka Himalaya. Mwaka 2006 dhoruba iliung'oa. Hawakuukata: waliuinua, wakaufunga kwa kamba za chuma kila upande, na umesimama hivyo hadi sasa, majani yake yakining'inia kama nywele. Isola dei Pescatori, Kisiwa cha Wavuvi, kina vichochoro tu na nyumba zenye roshani ndefu zilizokuwa za kuanikia samaki.

Garda lina vitu vya aina nyingi kuliko vyote, ila vimetawanyika. Sirmione iko kwenye ulimi mwembamba wa nchi, na unaingia mjini kwa daraja la ngome ya enzi za kati iliyozungukwa na maji. Mwisho wa ulimi huo kuna Grotte di Catullo. Jina linasema mapango, lakini ni magofu ya nyumba kubwa ya Kirumi katikati ya mizeituni. Malcesine ina ngome nyingine, ambapo mwaka 1786 mshairi Goethe alishukiwa ujasusi kwa kuonekana akiuchora mnara. Limone kuna nguzo nyeupe ndefu zilizosimama safu safu mlimani, na mtu asiyeambiwa hudhani ni hekalu lililobomoka. Ni mashamba ya zamani ya malimau. Wakati wa baridi nguzo zilibeba mapaa ya mbao ili miti isiuawe na barafu. Na Verona iko jirani, ambako uwanja wa Kirumi umekuwa ukichezewa opera majira ya joto tangu 1913.

Vya kufanya

Kwa hili Garda lina mengi zaidi, na sioni sababu ya kuzunguka mbuyu. Mtu wa pwani aliyezoea kusi na kaskazi, pepo zinazobadilika kwa misimu, hapa atakuta pepo zinazobadilika kwa saa. Pelèr huvuma kutoka kaskazini alfajiri na asubuhi. Mchana, baada ya kusini kupata joto, Ora huingia kutoka upande wa pili na kukaza hadi alasiri. Siku za jua unaweza kuzitegemea karibu kama saa ya ukutani, na ndiyo maana Torbole na Riva zimejaa shule za tanga na za mbao zenye tanga. Boti binafsi za injini haziruhusiwi upande huo wa kaskazini, ulio chini ya mkoa wa Trentino, kwa hiyo maji ni ya matanga. Karibu na hapo kuna Arco, wanakokwenda wapanda miamba, na njia ya Ponale iliyochongwa kwenye jabali kutoka Riva kuelekea bonde la Ledro.

Wasiotaka kuhatarisha roho wanayo yao pia. Limone ina njia ya baiskeli iliyofunguliwa mwaka 2018, imening'inizwa kwenye jabali juu ya maji. Gari la kamba la Malcesine linakupandisha mlima Baldo hadi mita 1,760 hivi, na kibanda cha sehemu ya pili huzunguka taratibu ili kila mtu aone pande zote. Chukua sweta hata Julai. Kwa watoto kuna Gardaland, bustani ya michezo iliyofunguliwa mwaka 1975 karibu na Peschiera. Sirmione kuna mabwawa ya maji moto ya salfa yanayotoka chini ya ziwa.

Como ni la watembea kwa miguu. Greenway ni njia ya kilomita 10 hivi kutoka Colonno hadi Griante, inapita vijijini na makanisani, na ukichoka unateremka barabarani kupanda basi. Mwenye pumzi zaidi achukue Sentiero del Viandante, upande wa mashariki. Kutoka Como mjini treni ya kamba inakupandisha Brunate kwa dakika saba. Imekuwa ikifanya kazi hiyo tangu 1894. Waendesha baiskeli hupanda hadi kanisa dogo la Madonna del Ghisallo, ambalo mwaka 1949 Papa Pius XII alilitangaza kuwa la msimamizi wao. Ndani kumetundikwa baiskeli na fulana za mabingwa mpaka darini.

Maggiore ni la shughuli za taratibu: bustani ya mimea ya Villa Taranto, soko la Luino kila Jumatano, monasteri ya Santa Caterina del Sasso iliyobandikwa kwenye jabali juu ya maji. Arona kuna sanamu ya Mtakatifu Carlo Borromeo, iliyokamilika mwaka 1698, mita 35 pamoja na kitako chake. Unapanda ndani yake kwa ngazi iliyosimama wima hadi kichwani, na kuchungulia nje kupitia macho. Joto humo si mchezo. Mwenye siku nzima apande treni ya Centovalli kutoka Domodossola hadi Locarno, ng'ambo ya Uswisi. Viza ya Schengen iliyokuingiza Italia inatosha, ila pasipoti usiiache hotelini.

Kuogelea kunawezekana katika yote matatu, kuanzia Juni hadi Septemba. Hapa nawaomba sana mnisikilize. Fukwe nyingi ni za kokoto, maji ya chini ni baridi hata kukiwa na jua kali, na kwa sababu ya ule uchimbaji wa barafu, sakafu hukatika ghafla. Hatua mbili maji ya magoti, hatua ya tatu huna pa kukanyaga. Mtoto asiingie bila mtu mzima aliye majini, si aliye kwenye taulo. Mwenye watoto wadogo aangalie zaidi kusini mwa Garda, ambako maji huongezeka kina polepole.

Kula

Como kuna missoltini: samaki wadogo waliotiwa chumvi, wakaanikwa juani, wakapangwa kwenye mkebe na majani ya bay na kukandamizwa hadi mafuta yatoke. Huokwa kidogo, hunyunyiziwa siki, na huliwa na polenta. Shangazi alipoonja alisema huyu ni ng'onda na ugali, na hakukosea. Polenta ni unga wa mahindi ya njano uliosongwa. Kuna pia wali wenye minofu ya sangara mdogo wa huko, iliyokaangwa kwa siagi. Garda lina mafuta ya zeituni yasiyo makali na malimau. Maggiore linafanana na Como kwa samaki.

Asiyetumia pombe ajue kuwa wali wa risotto kwa kawaida humwagiwa divai jikoni, hata kama menyu haisemi. Mwambie mhudumu "senza vino" kabla hajaondoka mezani.

Msimu, foleni na mfuko

Aprili na Mei ni za maua, Juni na Septemba ni za kila kitu. Wiki ya tarehe 15 Agosti Waitaliano wote wako likizo, na Sirmione, Bellagio na Varenna hujaa hadi kutembea ni kusukumana. Kuanzia Novemba hadi Machi bustani na hoteli nyingi hufungwa, na ratiba za boti hupunguzwa.

Kwa malazi, pembetatu ya katikati ya Como ndiyo ghali kuliko kote. Lala Lecco au Colico, stesheni ziko hapo hapo, na ingia kwa treni asubuhi. Garda lina uwanda mpana zaidi wa bei, kuanzia kambi za mahema hadi hoteli za kifahari. Maggiore liko katikati; Verbania na Arona kwa kawaida ni nafuu kuliko Stresa. Popote utakapokwenda, tenga pesa ya kodi ya kulala, inayolipwa kwa kila mtu kwa kila usiku, na ya coperto, ile ada ya kukaa mezani inayojitokeza kwenye bili.

Kama hata Septemba makundi yanakuchosha, kuna maziwa mawili madogo ya kufikiria. Orta, magharibi mwa Maggiore, lina kisiwa kimoja, San Giulio, na ukimya mwingi. Iseo, kati ya Bergamo na Brescia, lina Monte Isola, kisiwa cha mlima kisichoruhusu magari ya wageni, ambako bado wanaanika samaki.

Kwa hali yako

Una siku moja tu kutoka Milano, huna gari, miguu ni mizima: Como, kupitia Varenna. Treni ya asubuhi mapema, kivuko hadi Bellagio kabla ya saa nne, mchana Villa Carlotta, jioni Varenna tena.

Mmekuja na watoto wa kati ya miaka mitano na kumi na mitano, na mna siku tatu au zaidi: Garda kusini, mkilala Peschiera au Lazise. Siku ya Gardaland, siku ya Sirmione, siku ya Verona.

Vijana, au watu wasioweza kukaa: Garda kaskazini. Laleni Riva au Torbole, amkeni na Pelèr.

Ni fungate yenu: Como kama bajeti inaruhusu na mnapenda pilikapilika kidogo. Kama mnataka kimya, Orta siku mbili, kisha Maggiore.

Mna gari na mnapenda kusimama kila penye mandhari: Garda, Mei au Septemba. Como kwa gari sikushauri. Maegesho ni machache na barabara ni ya kupishana kwa kukunja vioo.

Una mapumziko ya saa nyingi Malpensa kati ya ndege mbili, na viza yako inakuruhusu kutoka: Maggiore.

Unamleta mzazi, shangazi, au yeyote ambaye magoti yake si ya jana: Maggiore, ukilala Stresa au Pallanza, katikati ya wiki. Isola Bella mpeleke asubuhi, mwone kasri na matabaka ya chini ya bustani, ya juu yaacheni. Shangazi yangu anarudi mwaka huu mwezi wa Mei. Nilimuuliza safari hii anataka nini, akasema Isola Madre, akauone tena ule mti waliouinua.